Pwani ni Panapopwa

Wahenga walinena kuwa maji yakijaa hupwa. Methali hii aghalabu hutumiwa kumliwaza aliyefikwa na dhiki au kumwonya aliyelewa neema. Ni nadra kumsikia mtu akiitumia kwa maana yake ya kwanza, yaani maji yenyewe, ya bahari yenyewe, yanayojaa na kupwa mara mbili kila siku bila kumwomba mtu idhini. Familia moja ya Changamwe, Mombasa, ililazimika kuirudia maana hiyo ya kwanza likizo moja ya Desemba, ilipokaa kitako kuchagua ufuo wa kwenda kushinda siku nzima.

Mtu wa bara huenda akashangaa. Yeye hudhani kwamba anayeishi Mombasa huamka, akafungua dirisha, na bahari ikamwamkua. Sivyo. Mkazi wa Changamwe huamshwa na honi za malori ya makontena, na kati ya nyumba yake na mchanga mweupe wa kwenye picha kuna msongamano wa magari, nauli na shughuli zisizokwisha. Mtu anaweza kumaliza mwaka mzima akiishi mjini humo asiyatie maji ya chumvi mguu. Mama wa familia hii, mshonaji wa nguo, alikuwa amemaliza miwili. Siku hiyo ya matembezi alikuwa ameiahidi tangu mwezi wa nane, akiiwekea akiba ya shilingi kumi kumi katika mkebe wa vifungo. Ahadi ni deni, na wadai walikuwa watatu: binti aliyerudi kutoka chuo kikuu, kijana wa shule ya upili, na kitinda mimba wa miaka minane. Mdai wa nne hakuwa amedai kitu. Huyo alikuwa baba yake mama, mzee aliyevua samaki Tiwi kwa zaidi ya miaka arubaini, akaletwa Changamwe pale presha ya macho ilipoanza kumfunga mwanga. Daktari alikuwa amekwisha kusema kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba dawa zilikuwa za kukawiza tu kilichosalia.

Kikao kilifanyika sebuleni baada ya chajio. Kijana wa shule ya upili ndiye aliyetangulia kusema, na hoja yake ilikuwa Bamburi, kwenye ufuo wa umma unaoitwa Jomo Kenyatta na ambao wenyeji wengi huuita Pirates. Alizitaja sababu zake kama wakili. Ufuo huo uko wazi kwa kila mtu, hauna lango wala bawabu. Kuna ngamia wa kupanda, kuna mipira ya magurudumu ya kukodi kwa wasiojua kuogelea, kuna viazi karai, mabuyu na madafu. Zaidi ya hayo, kuna watu. Tangu reli mpya ya kutoka Nairobi ianze kubeba abiria mwaka 2017, wageni wa bara hufurika pale kila Desemba, na kwa kijana wa umri wake ufuo usio na watu ni shamba tu.

Dada yake alimpinga. Aliukubali wema wa Bamburi, lakini akauliza ni nani atakayemshika babu mkono katika msongamano ule, na ni nani atakayemchunga kitinda mimba siku ambayo hata walinzi wa waogeleaji huzidiwa na idadi ya vichwa majini. Yeye alipendekeza Nyali au Shanzu, kwenye utulivu. Mama akauliza, “Tutapitia wapi?” Swali hilo lilimkatiza. Katika sehemu kubwa ya mwambao wa kaskazini, hoteli na majumba yamejipanga bega kwa bega kati ya barabara na bahari, na kijia cha kumfikisha mtu mchangani hujulikana na wenyeji wa mtaa peke yao. Kumwongoza mzee asiyeona vyema kando ya kuta, mnabisha hodi kwa kila bawabu, si matembezi.

Upande wa kusini haukutajwa na mtu. Watoto walijua sababu. Mama yao alisomea Mtongwe, akikaa kwa shangazi yake, na alikuwa msichana mdogo tarehe 29 Aprili mwaka 1994, feri ya Mtongwe ilipozama asubuhi ikiwa na watu waliokuwa wakienda kazini. Walikufa zaidi ya watu 270. Majirani wawili wa shangazi hawakurudi. Tangu siku hiyo mama alivuka kivuko cha Likoni kwa mazishi na kwa harusi pekee, na kila mara peke yake. Kuwavusha watoto wake kwa ajili ya starehe hakuweza. Hakulitolea jambo hilo hotuba. Hakuwavusha tu.

Hapo ndipo mzee, aliyekuwa kimya kwenye mkeka, alipouliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

“Mwezi umeandama lini?”

Kijana alicheka, akidhani babu amepotea njia ya mazungumzo. Kumbe ni wao waliokuwa wamepotea. Walikuwa wakichagua mahali kabla ya kuchagua siku, na bahari ya Mombasa si mahali pamoja. Mtu akienda ufuo ule ule kwa siku mbili tofauti, atakuta fuo mbili zisizofanana.

Mzee aliwaeleza polepole, kama mtu anayefumua wavu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwa siku moja au mbili baada ya hapo, huja bamvua. Maji hujaa kupita kiasi na hupwa kupita kiasi, tofauti ya kimo chake ikapita mita 3. Katika siku hizo za bamvua, maji ya Mombasa huwa yametoka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa tena kufikia saa kumi au kumi na moja jioni. Anayefika asubuhi kwa nia ya kuogelea hukuta majani ya bahari yamelala chini, madimbwi, na viumbe vyenye miiba mirefu myeusi vikimngoja akanyage, na bahari yenyewe iko mbali kwenye mwamba, ikivuma kama inayomcheka. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu. Hapo maji hayajai sana wala hayapwi sana, na nyakati hugeuka: asubuhi ile ile ya saa nne au tano, maji huwa yamejaa. Kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. “Basi anayesema twende Bamburi Jumamosi,” akamalizia, “hajasema kitu. Na aseme kwanza ni Jumamosi ya mwezi gani.”

Binti wa chuo kikuu alichomoa simu akatafuta. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la kujaa na kupwa kwa maji kila mwaka, na tarakimu za namna hiyo siku hizi hupatikana hata kwenye simu. Jumamosi waliyoipanga iliangukia siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Maji yangepwa kabisa saa nne na nusu asubuhi. Babu hakuwa amekosea hata kwa robo saa, na hakuwa ameliona jedwali lolote maishani mwake.

Kijana akasema, kwa sauti ya aliyeshindwa, kwamba basi heri waahirishe hadi wiki ya maji mafu, ili waogelee asubuhi. Mzee akatikisa kichwa. “La, wajukuu zangu. Mimi naomba hiyo hiyo ya bamvua. Na naomba Tiwi.”

Chumba kilinyamaza. Mama alisema, “Baba, unajua kwamba mimi na feri...” Mzee alimkata kauli kwa upole: “Najua, mwanangu. Nimesikia kuna barabara.”

Ni kweli kulikuwa na barabara. Njia ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini na kupita juu ya madaraja mapya hadi upande wa Kwale, ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na mtu wa Changamwe aliweza kufika kusini bila kukanyaga feri. Mama hakuwa na udhuru tena. Hata hivyo aliuliza kwa nini iwe siku ya bamvua, siku ambayo maji hutoka na kuacha miamba mitupu. Ndipo mzee alipowafunulia lililokuwa moyoni mwake. Diko lao la zamani, yaani mahali walipokuwa wakifikia na vyombo vyao na kugawana samaki, lilikuwa limezungukwa na ukuta. Kijia kilichotoka kijijini kuelekea bahari kilifungwa kwa lango miaka mingi nyuma. Alikwenda mara mbili akarudishwa. Mara ya tatu hakwenda. “Kwa nchi kavu hapapitiki,” alisema. “Lakini ukuta hauwezi kujengwa baharini. Maji yakijaa hupiga ukutani na hapana njia. Maji yakipwa kwa bamvua, njia hiyo hapo. Nataka kupaona kabla macho hayajafunga duka.”

Mwanafunzi wa Kiswahili hapana budi kutua kidogo hapa, kwa kuwa mzee huyu, bila ya kujua, alikuwa amegusa mzizi wa neno. Pwani, ukiliondolea kiambishi chake cha mahali, hukuachia *pwa*, kile kitenzi cha maji yanayotoka. Pwani ni panapopwa. Kwa asili yake, neno hili halikutaja hoteli, mchanga wala mkoa. Lilitaja ukanda ule ambao bahari huufunika na kuufunua, ambao si wa nchi kavu wala si wa kilindi. Ajabu ni kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inautaja ukanda huo huo inapoorodhesha ardhi ya umma: ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Ardhi hiyo inashikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi wote. Kile ambacho wanasheria walikiandika kwa maneno mengi, waliotuachia lugha walikuwa wamekwisha kukisema kwa silabi mbili.

Lakini sheria imempa mwananchi mchanga, haikumpa moja kwa moja kijia cha kuufikia. Hilo ndilo fumbo la kila anayechagua ufuo karibu na mji mkubwa wa mwambao. Bahari ni ya wote, na mlango wa kuiendea ni wa mwenye ufunguo. Ndiyo maana fuo zenye njia iliyo wazi hujaa hadi mchanga usionekane, na zile zilizo jirani yake hubaki tupu huku zote zikiwa za umma.

Siku ilipofika, waliondoka alfajiri na mahamri, mbaazi na chupa ya chai. Matatu iliwapitisha Dongo Kundu jua likichomoza, na mama alikaa dirishani. Juu ya daraja refu alitazama maji chini, hakusema neno, na mkono wake ulishika kiti cha mbele hadi walipovuka. Kutoka Diani walielekea Kongo, penye msikiti wa kale chini ya mibuyu, pale Mto Mwachema unapoingia baharini. Hapo njia bado iko wazi, na huenda ni kwa sababu panaposaliwa hufungwa kwa shida kuliko pengine. Upande wa kusini wa mto ni Diani, na upande wa kaskazini ni Tiwi.

Saa nne kasorobo mlango wa mto ulikuwa mwembamba, maji yakifika magotini. Mzee alivua viatu, akamshika kitinda mimba begani, wakavuka. Ng’ambo ile bahari ilikuwa imejitoa hadi kwenye mwamba wa mbali. Madimbwi yaling’ara, viti vya pweza vimejitandaza ndani yake, na wachokozi wa pweza walionekana wameinama huku na huko na miti yao yenye ncha za chuma. Mzee hakuviona vitu hivyo waziwazi, lakini aliwatangulia wote. Nyayo zake zilijua. Mara kwa mara aliinama akashika jiwe, akasema, “Hapa kushoto pana shimo,” na kweli palikuwa na shimo.

Walipofika, ukuta ulikuwepo kama alivyosema, mweupe, chini yake ukiwa na utando wa kijani kibichi mahali ambapo maji ya bamvua huufikia. Ndani ya ukuta kulichungulia kilele cha mkungu. “Mti bado upo?” aliuliza. Binti alimwambia upo. “Chini yake ndipo tulipokuwa tukigawa.”

Bawabu alitokea kwenye ngazi za mawe, kijana wa makamo ya mjukuu wake mkubwa. “Mzee, hapa hapapitwi,” alisema, kisha akakumbuka adabu, “shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Sipiti. Nimesimama.”

“Umesimama kwa watu, mzee.”

“Tazama miguu yangu. Imekanyaga nini?”

Bawabu alitazama. Ilikuwa imekanyaga majani ya bahari, bado yakitiririka maji. Alinyamaza kitambo, akatazama nyuma kuelekea nyumbani, kisha akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa. “Basi msikawie,” alisema. “Maji yakirudi mimi sina la kuwasaidia.” Hakuwafukuza, wala hakuwakaribisha. Labda hicho ndicho kiasi cha juu cha wema ambacho kazi yake iliruhusu.

Mzee alipapasa jabali lililokuwa mbele ya ukuta, upande wa baharini, mpaka vidole vyake vikaangukia tundu lililopenya jiwe toka upande hadi upande, kingo zake zimelainika. Lilikuwa tundu la kufungia kamba za vyombo. Kamba za baba yake, za babu yake, na zake mwenyewe zilikuwa zimelisugua jiwe hilo hadi likateleza kama kauri. Alimwita kitinda mimba akamwambia atie mkono. Mtoto alitia, mkono ukapita hadi kwenye kiko. “Nani alilitoboa?” aliuliza. “Kamba,” mzee alijibu. Mtoto hakusadiki. Mama alitia wake pia, kisha kijana, kisha binti aliyesahau kabisa kupiga picha.

Walikaa hapo kama nusu saa. Mzee hakulalamika juu ya ukuta, wala hakumlaani mtu. Alitaja majina ya vyombo vitano na ya wenyewe, wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na alitaja kila kimoja kilivyofungwa upande gani wa tundu. Kisha alisimama ghafla. “Yamegeuka,” alisema. Hakuna mwingine aliyeona tofauti yoyote.

Ilikuwa saa tano na robo. Walipofika tena kwenye mlango wa mto saa sita ilikuwa imepita, na maji yaliyokuwa ya magoti yalikuwa ya mapaja, yakiingia kutoka baharini kwa nguvu. Kijana alimbeba mdogo wake mgongoni. Mzee alisita, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwani mchanga wa mtoni huhama na nyayo zake hazikuujua tena. Mama ndiye aliyerudi kumchukua. Aliingia majini na kanga yake, akamshika baba yake kwa mikono miwili, akarudi naye kinyumenyume, akimtazama usoni na si majini. “Njoo, Baba. Mbele. Mbele tena.” Walipokanyaga mchanga mkavu alikuwa akitetemeka, na alicheka hadi machozi yakamtoka, bila ya mtu kumuuliza sababu.

Saa tisa, bahari ilipojaa mbele ya mibuyu ya Kongo, watoto walipata walichokitaka tangu mwanzo: maji safi ya kifua, mawimbi yaliyovunjwa na mwamba wa mbali, na nafasi ya kutosha. Kijana alikiri kuwa hakuwakumbuka ngamia. Upande wa pili wa mto, mahali walipopita asubuhi palikuwa maji matupu. Huko mbele ukuta mweupe ulikuwa unapigwa na mawimbi, na mtu angeapa kwamba hapajawahi kuwa na njia.

Kuna watakaosema kuwa mzee yule hakushinda kitu. Lango la kijia cha kijijini bado limefungwa, na haki inayopatikana kwa saa mbili za bamvua ni haki finyu. Ni kweli, na haifai kuridhika nayo. Vijia vya kuelekea baharini vinahitaji ramani, sheria na watu wa kuvidai mchana, wala si mzee mmoja na mwezi wake. Lakini kudai huanza kwa kujua, na kujua huanza kwa majina. Mtoto asiyelijua neno bamvua hawezi kujua kuwa kuna saa ambayo ukuta huishia njiani. Asiyelijua neno diko atapita mahali pale akaona jiwe lenye tundu.

Jioni hiyo, Changamwe, jirani alimuuliza kitinda mimba walikokuwa. Mtoto alifikiri. Diani hapakuwa hasa, na Tiwi hawakukaa sana.

“Pwani,” alisema.

Jirani alicheka. “Kwani hapa tunapoishi ni wapi?”

Mtoto alimtazama babu yake ili amsaidie kujibu, lakini mzee alikuwa amelala kwenye mkeka, mchanga ungali miguuni, na hapana aliyetaka kumwamsha ili anawe.